Kabla Hujamtumia Mwinjilisti Hela

Wadogo zangu, leo tunaongea habari ambayo wengi tunaikwepa kwa kuwa inagusa madhabahu na mfuko kwa wakati mmoja. Mdogo wetu mmoja, ameolewa, anafanya kazi Dar es Salaam, amerudi kutoka kwao mkoani na uchungu moyoni. Amemkuta mwinjilisti aliyemfundisha kipaimara kwenye shamba la jirani, anapalilia kahawa kwa kibarua. Mzee wa watu ana hamsini na kitu, mkewe anaumwa sukari, mtoto wa mwisho yuko kidato cha pili. Mdogo wetu anataka kumtumia laki moja. Mama yake mzazi amemwambia fungu la kumi linatosha, mengine kanisa lina utaratibu wake. Mumewe amesema watumishi wa Mungu ndio wenye hela siku hizi, asijisumbue. Basi ananiuliza: dada, nitume au nisitume?

Tuma, mdogo wangu. Ila usitume usiku huu kwa uchungu ulio nao, na usitume peke yako. Kaa tuongee kwanza.

Nianze na shemeji yetu, maana hoja yake ndiyo inayosikika kila mahali. Simlaumu. Anaishi mjini, na mjini ameona mabango ya manabii barabarani, ameona misafara ya magari, ameona mafuta na maji ya upako yanauzwa kwa bei. Hao wapo, na waumini wao wana haki ya kuwauliza hela inakwenda wapi. Lakini asimweke kwenye kapu hilo mwinjilisti wa mtaani kwenu. Kwenye KKKT, kanisa la Kilutheri, usharika mmoja unaweza kuwa na mitaa kadhaa na mchungaji mmoja tu, anayezunguka kwa zamu kubatiza na kushirikisha Chakula cha Bwana. Jumapili zilizobaki, anayesimama mbele ni mwinjilisti. Kwa Wakatoliki ni katekista: parokia moja ina vigango vingi, padre anafika kigangoni kwa ratiba, na katekista ndiye anayeongoza ibada ya Neno, anafundisha wakatekumeni, anaandaa watoto kwa Komunyo ya kwanza, na watu wakifiwa ndiye anayegongewa mlango.

Iangalie wiki ya mtu huyu kwa karibu. Jumatatu anaitwa msibani kabla hajanywa chai. Anakaa na wafiwa, anaongoza sala za jioni, anasimama kaburini mpaka msalaba unachomekwa. Katikati ya wiki kuna jumuiya, na jumuiya zinasali alfajiri ili watu wawahi mashamba. Kuna mgonjwa kijiji cha juu anayeomba kuombewa, kuna wanandoa wasioelewana wanaomsubiri barazani kwake. Jumamosi ni darasa la kipaimara. Safari zote hizo ni kwa mguu, au bodaboda kwa hela yake. Na akifika kwenye ule msiba anatarajiwa atoe rambirambi kama wengine, kwa sababu ni mtu mzima na anaheshimika. Posho anayopewa, kama ametimiziwa mwezi huo, inaishia kwenye nauli na rambirambi. Ndiyo maana ulimkuta kwenye kahawa ya watu.

Nawaambia pia kuhusu mapadre, maana wengi hudhani kila padre ameweka nadhiri ya ufukara na shirika lake linamtunza. Wenye nadhiri hiyo ni watawa. Padre wa jimbo hakuiweka. Anaahidi useja na utii kwa askofu wake, lakini viatu, dawa, simu na wazazi wazee kijijini ni mambo yanayomhusu kama yanavyokuhusu wewe. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inalitambua jambo hili. Kanuni ya 281 inasema wakleri wapate malipo yanayolingana na hali na kazi yao, na watunzwe wakiugua au wakizeeka. Kanuni ya 231 inakwenda mbali zaidi: inawataja walei wanaotumika kanisani, ikiwapa haki ya malipo yanayofaa, hifadhi ya jamii na matibabu. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko akatoa barua ya kuifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ndani ya Kanisa. Kwenye maandishi, basi, katekista ameheshimiwa. Anayetakiwa kumheshimu kwenye mfuko ni mimi na wewe tunaokaa kwenye yale mabenchi.

Sasa nije kwa mama. Mama yako amesema kweli, isipokuwa hajaimaliza. Wewe umekulia huko, unaujua mnada wa baada ya ibada. Watu wanatoka, wanasimama uwanjani kwenye kivuli. Pale chini kuna mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, mayai kwenye bakuli, chupa ya maziwa. Mzee wa kanisa anamnyanyua kuku, anataja bei, watu wanapandishana. Mara nyingine aliyemtoa kuku ndiye anayemnunua tena, ili mtaa usirudi mikono mitupu. Hela inawekwa mezani, inahesabiwa na zaidi ya mtu mmoja, inaandikwa kitabuni. Halafu inaanza safari yake: kuna sehemu ya usharika, kuna ya jimbo, kuna ya dayosisi, kuna ujenzi wa kanisa ambao kwetu haujawahi kuisha, kuna umeme na mvinyo. Kila dayosisi ina mgawanyo wake, na mgawanyo huo una sababu, kwa sababu kanisa ni pana kuliko mtaa wenu. Lakini mtaa wenyewe ni wa wakulima. Wakati wa mavuno mnada unachangamka. Miezi ya njaa kuku hawaletwi, bahasha zinarudi nyepesi, na mwinjilisti ana tumbo lile lile.

Tuliliona wazi wakati wa korona kwa jirani zetu Kenya. Machi 2020 nyumba za ibada zilifungwa, na zilipofunguliwa Julai ilikuwa watu wasiozidi 100 kwa ibada ya saa moja, huku wenye chini ya miaka 13 na waliozidi 58 wakitakiwa kubaki nyumbani. Makanisa yaliyokuwa na namba ya kulipia kwa simu yalipata angalau njia ya kupokea sadaka. Ya vijijini, yanayotegemea kikapu kinachopita mkono kwa mkono, yaliumia. Mtumishi ambaye riziki yake yote iko kwenye kikapu hana pa kuegemea kikapu kisipopita.

Mama yako ni msomaji wa Biblia, mwambie akafungue Nehemia sura ya 13. Nehemia aliporudi Yerusalemu alikuta Walawi na waimbaji wametawanyika, kila mmoja amekimbilia shambani kwake, kwa sababu sehemu zao zilikuwa hazitolewi. Angalia aliowakemea ni akina nani. Hakuwagusa Walawi. Aliwauliza viongozi, akawarudisha Walawi mahali pao, kisha akaweka watunza hazina wanaoaminika wa kugawa. Hivyo fungu lako la kumi liendelee kwenda pale pale linapokwenda, usilikate hata shilingi ukaligeuzia njia. Hiki unachotaka kukitoa sasa ni cha juu yake, na kina lengo lake.

Mdogo wangu, laki moja ukiituma leo itamfurahisha mzee, itanunua unga na dawa za mkewe, na kabla mwezi haujaisha atarudi kwenye kibarua. Fikiria zaidi ya hapo. Wewe si mtoto pekee aliyepita mikononi mwake. Wako wenzako Dar, Arusha, Dodoma, wengine wako nje ya nchi, na nina hakika mna kundi la WhatsApp la kijiji, maana ndilo mnalochangishana misiba na harusi. Send-off tunaiundia kamati, tunatoa ahadi, tunakumbushana mpaka usiku wa mwisho. Watafute watano tu waliofundishwa na mwinjilisti huyu. Kila mmoja akitoa elfu kumi kwa mwezi, kwa mwaka ni laki sita, na hakuna atakayelia njaa kwa hiyo elfu kumi. Mtu akijua tarehe tano ya kila mwezi kuna kitu, anaweza kupanga. Anaweza kumwahidi mwenye duka na akatimiza.

Kabla ya hapo, uliza hali ilivyo. Kuna mzee wa kanisa wa mtaa, kuna mtunza hazina wa usharika, kuna mchungaji mwenyewe. Uliza kama mwinjilisti ni mwajiriwa au anajitolea, posho yake ni ya kila mwezi au ya ikipatikana, mara ya mwisho ililipwa lini. Uliza kwa heshima, kama mtu anayetaka kusaidia, bila sauti ya mkaguzi. Utashangaa jinsi viongozi wengi wanavyofurahi kuulizwa, kwa sababu na wao jambo hili linawanyima usingizi, ila hawakupata mtu wa kulibeba nao. Mchungaji mwenyewe anaweza kuwa na malimbikizo ya miezi mitatu na hajamwambia mtu.

Swali moja msilisahau: je, yuko NSSF? Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hakuna eneo ambalo elfu kumi yenu inaweza kufanya kazi kubwa kama hili. Kwa aliyeajiriwa, mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anatakiwa kubeba angalau nusu yake. Ili mtu apate pensheni ya kila mwezi anahitaji michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Piga hesabu. Anayeanza kuchangiwa akiwa na miaka 45 anafika 180 siku anapogonga 60, na kila mwezi uliorukwa unamshusha chini ya mstari. Akikosa miezi hiyo atapewa mkupuo, na mkupuo tunajua unavyoisha. Ikiwa usharika umeshindwa kupeleka michango, zungumzeni na baraza la wazee jinsi kundi lenu linavyoweza kusaidia sehemu ya mwajiri. Ikiwa ni mwinjilisti au katekista wa kujitolea asiye na mkataba, NSSF inapokea pia waliojiajiri na wa sekta isiyo rasmi, wanaochangia wenyewe. Mzee wenu wa hamsini na kitu huenda hatafika kwenye pensheni kamili, lakini akiba hiyo itakuwa yake. Na yule kijana aliyetoka juzi chuo cha Biblia kuja mtaa wa pili, huyo ana miaka yote mbele yake. Mwanzishieni sasa.

Upande wa mama mwenye sukari, hela ya dawa ya mwezi mmoja ni nzuri, bima ni bora zaidi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, kwa hiyo mtu wenu aliyeko kijijini aende zahanati au ofisi ya wilaya aulize kifurushi cha kaya kilichopo sasa, bei yake, na kama dawa za sukari na vipimo vyake vimo. Aulize kabla ya kulipa. Mtoto wa kidato cha pili hana ada katika shule ya serikali, hilo lilianza 2016, lakini sare, madaftari na chakula cha shule vinamsubiri baba yake kila muhula. Hayo mnaweza kuyalipa moja kwa moja shuleni na dukani, na mzee akabaki na posho yake ya chumvi na sabuni.

Kuna la mikopo ya kausha damu. Naomba mnivumilie nilitaje, maana limeingia hata kwenye nyumba za watumishi. Mchungaji anakopa laki mbili mtoto akiwa hospitali, riba inapanda kila wiki, mkopeshaji anabaki na kadi yake ya benki, na mshahara ukiingia anautoa yeye. Mtumishi anahubiri Jumapili huku hata nauli hana. Mkigundua hivyo, msimpe pesa mkononi akalipe. Wawili kati yenu mkae naye na mkopeshaji, mpate deni lililobaki kwa maandishi, mlilipe, mwondoke na kadi na karatasi iliyosainiwa kwamba deni limekwisha. Mkopeshaji asiye na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 anajua mwenyewe kwamba yuko pabaya, na mara nyingi akiona watu wazima wawili wameketi mbele yake, riba inashuka. Baadaye mtumishi aingizwe kwenye SACCOS au kikundi cha kuweka na kukopa, ili hospitali ya mara ijayo isimrudishe kule.

Sasa tuongee kuhusu zawadi inayofunga mdomo. Novemba 2024 Rais William Ruto wa Kenya alisali katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa shilingi 600,000 za Kenya kwa kwaya na watoto wa shirika la kimisionari, na milioni 2 za nyumba ya mapadre. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akatangaza kwamba hela hizo zinarudishwa. Mapadre wale nyumba walikuwa wanaihitaji. Lakini maaskofu wa Kenya walikuwa wameshasema kwamba madhabahu yasigeuzwe jukwaa la wanasiasa, na huwezi kulisema hilo huku paa lako limeezekwa na mwanasiasa. Mimi hatua ile iliniingia moyoni. Wewe si rais, mdogo wangu, lakini kwa kiwango cha mtaa wenu unaweza kuwa mtu mkubwa. Ukianza kumlipia mwinjilisti kila kitu wewe mwenyewe, na akajua ni wewe, siku ndugu yako akioa mke wa pili atamkemea? Siku mama yako akigombana na jirani atasuluhisha kwa haki? Msaada ukipita kwa kundi na kwa mtunza hazina, hana wa kumwogopa. Na ninyi msiende kuketi mbele mkitarajia kutajwa majina.

Paulo alikuwa mwangalifu sana kwenye jambo hili. Alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu alihakikisha hasafiri na hela peke yake, aliwaweka ndugu wengine waaminifu ili asilaumiwe na mtu, na habari hiyo iko 2 Wakorintho sura ya 8. Kama mtume aliona haja ya mashahidi, na sisi tuwe nao. Kundi lenu liwe na mtu anayekusanya na mwingine anayehakiki, risiti za simu ziwekwe kwenye kundi, na mtaani apokee mtu mmoja mbele ya mwingine.

Hapa nina neno la dada kwa mdogo wake wa kike. Wewe ni mke wa mtu. Usiwe na siri ya pesa na mtumishi yeyote wa kiume ambayo mumeo haijui, hata kama nia yako ni safi kama maji ya chemchemi. Nimeona ndoa zikiyumba kwa meseji za shukrani zilizoingia saa tano usiku. Nimeona pia watumishi wema wakipoteza kazi kwa maneno yaliyoanzia kwenye muamala. Ongea na mama mwinjilisti, yeye ndiye anayejua unga umebaki kiasi gani. Na kama mtumishi anaanza kukutafuta wewe peke yako, akitaka utume na ya kutolea na usimwambie mtu, mjulishe mumeo na mjulishe mkubwa wake. Mwenye shida ya kweli hatishiki akisaidiwa hadharani mbele ya watu wawili.

Na kuhusu simu, muwe macho. Kuna matapeli wanaotumia jina na picha ya mchungaji, wanaandika kwamba amelazwa, tuma kwa namba hii. Piga simu kwenye namba yake unayoijua tangu zamani. Angalia jina linalotokea kabla ya kuingiza namba ya siri. Namba ya tapeli itume kwa meseji kwenda 15040.

Suala la wajane wa watumishi nimeliacha mpaka hapa kwa makusudi, kwa sababu nataka mkae nalo. Mchungaji anaishi kwenye nyumba ya usharika. Anahamishwa kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo hata mgomba aliopanda unaliwa na mwingine. Mkewe amelea watoto kwenye nyumba hiyo, amepika chai ya vikao vyote vya wazee, amelaza wageni wa dayosisi, na mshahara wake haupo mahali popote. Mchungaji anafariki. Kanisa linajaa, maaskofu wanakuja, kwaya tano zinaimba, rambirambi inasomwa. Baada ya miezi michache mchungaji mpya anatakiwa kuingia, naye ana familia, hana kosa. Mama mchungaji anafunga mizigo. Anakwenda wapi? Kijijini kwa mume, ambako shemeji zake walishagawana kihamba? Kwa mtoto aliyepanga chumba kimoja mjini? Nimekaa na mama mmoja wa namna hiyo, kabati lake la vyombo likiwa nje chini ya turubai kwa sababu halikupita kwenye mlango wa chumba alichopewa. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama namfahamu mtu anayenunua makabati.

Kwa hiyo mnapofikiria zawadi ya kumpongeza mchungaji kwa miaka 10 au 20 ya utumishi, acheni keki ya ghorofa tatu na suti. Mnunulieni kiwanja, hata kidogo, hati iwe na jina lake na la mkewe. Mwaka unaofuata tofali, mwaka mwingine bati. Usharika wa watu 300 hauwezi kushindwa bati. Mwinjilisti na katekista ambao wanaishi kwao wenyewe wanahitaji choo kizuri, tangi la maji, mbuzi wawili au ng'ombe wa maziwa. Ulizeni pia kama mtumishi ameandika warithi wake kule NSSF, maana kuna mafao ya warithi, na wajane wengi wamehangaika kwa sababu fomu ina jina la mama mzazi wa marehemu, naye alishafariki zamani. Na siku ya mazishi, rambirambi iliyokusanywa na kanisa akabidhiwe mjane mwenyewe mkononi, mbele ya watu.

Kuzitunza familia za watumishi kuna historia ndefu. Mwaka 1655, huko London, watoto wa mapadre wa Kianglikana walikusanyika katika kanisa la St Paul's, wakasikiliza mahubiri na kutoa mchango kwa ajili ya familia za makasisi walioondolewa kazini wakati wa utawala wa Cromwell. Mwaka 1678 mfuko wao ulipata hati ya mfalme, na bado upo leo kwa jina la Clergy Support Trust. Ninachokipenda hapo ni kwamba kasisi anayeishiwa anaomba kwenye mfuko huo bila kupita kwa askofu wake. Hilo ni kubwa. Mtumishi anayetakiwa kumweleza anayempangia kituo cha kazi kwamba ana deni, au mke wake ana msongo wa mawazo, atanyamaza mpaka mambo yaharibike. Nyinyi mlio na nafasi kwenye mabaraza ya usharika na halmashauri za parokia, anzisheni mfuko mdogo wenye watu watatu: mwanasheria au mhasibu mstaafu, mwalimu mama anayetunza siri, na mzee mmoja. Waweke ukomo wa kiasi, wajibu maombi ndani ya wiki moja, na kwenye taarifa ya mwaka watoe jumla ya hela na idadi ya waliosaidiwa bila majina. Wasiwasahau mlinzi, mama anayefagia kanisa, mpiga kinanda na mwalimu wa kwaya.

Na kama wewe unayesoma ndiye mtumishi, shikamoo baba, shikamoo mama. Kusema umepungukiwa si kukosa imani. Wafilipi walimtumia Paulo msaada akiwa kifungoni kwa mkono wa Epafrodito, na Paulo akaupokea na kuwaandikia. Chagua mzee mmoja unayemwamini umwambie kabla kausha damu hajajua.

Basi, mdogo wangu, kesho jioni keti na mume wako, mweleze kuhusu wenzako watano na hesabu ya laki sita. Usimbishie habari ya manabii, mkubalie kwamba wapo. Halafu yeye ndiye apige simu kwa mzee wa kanisa wa mtaa wenu, aulize hali ya posho, NSSF na dawa za mama mwinjilisti. Apige Jumanne au Jumatano jioni, maana Jumapili mzee huyo yuko mnadani. Ile laki moja ya kwanza gaweni: elfu hamsini iende mara mkishakubaliana kwa mama mwinjilisti kwa ajili ya sukari, ikitumwa kwa simu ya shemeji yangu, na hamsini iwe mwanzo wa mfuko wa kundi. Ukipata majibu ya mzee wa kanisa, niandikie, tuangalie pamoja hatua ya pili.